Wanaume wa ukoo mmoja kufa ghafla kabla ya 40: ni damu, ni mkono wa mtu, au ni ziwa?

#1 Mwana wa Igombe
Wakuu, habari za jioni. Tuko mbalamwezi, dagaa hawavuliwi mpaka giza lirudi, boti zimepandishwa mchangani, kwa hiyo nina siku kadhaa za kukaa na simu. Naomba akili zenu.

Upande wa mama yangu wanaume wanaondoka ghafla. Mjomba mkubwa alikufa 1998 akiwa na miaka 38. Walimkuta ndani ya mtumbwi kalala chali, nguo kavu kabisa, nyavu nusu zimo ndani nusu ziko majini. 2011 akafuata binamu yangu, mtoto wa huyohuyo mjomba, miaka 24, kaanguka uwanjani kipindi cha pili hata jasho halijamtoka. Mwaka jana kaka yetu mkubwa, 33, alfajiri wakisukuma boti kuitoa majini. Alisema "ngojeni kidogo", akakaa mchangani. Basi.

Sasa mwezi huu mdogo wangu wa miaka 27 kazimia mara mbili. Tumempeleka hospitali, akapimwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Daktari anasema ukuta wa moyo wake una milimita 23, misuli imenenepa, na kwamba jambo hili linarithiwa, hivyo ndugu wote tukapimwe.

Kinachonichanganya ni mama. Ana miaka 68 na bado anapandisha ndoo ya lita ishirini kutoka ziwani hadi nyumbani. Mtu anarithije ugonjwa kwa mzazi ambaye hana? Na mbona unachagua wanaume? Wazee wameitisha kikao Jumamosi, wanataka kila mmoja achangie ng'ombe wa tambiko. Tafadhali msiwatukane wazee wangu.

#2 Sangara Kilo Nane
Naweka mkeka hapa, chai na mihogo viko njiani.

#3 Fundi Nyavu
Pole sana mkuu. Lakini tuseme ukweli, wavuvi wetu wanakunywa nini? Gongo usiku, vile vinywaji vya kuongeza nguvu alfajiri, chakula hakuna. Mtu anavuta nyavu saa nane mfululizo na tumbo tupu. Mimi nimezika wanne pale mwaloni na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ukoo wa hivyo. Moyo una kikomo.

#4 Nesi wa Zamu
Pole mtoa mada. Nimekaa wodi ya wagonjwa wa moyo miaka kadhaa, ngoja nianzie kwenye neno moja linalotupoteza wengi. Huku kwetu mtu akisema "ana moyo mkubwa" anaweza kuwa anamaanisha vitu viwili vinavyopingana. Kuna moyo uliotanuka: kuta zimekuwa nyembamba, chumba kimekuwa kama mfuko wa rambo uliolegea, hausukumi. Na kuna moyo ulionenepa: kuta nene, chumba kidogo, unasukuma kwa nguvu lakini haujai vizuri. Wa mdogo wako ni huu wa pili. Ukuta wa kawaida kwa mtu mzima hauzidi kama milimita 11 au 12. Kuanzia 15 bila presha ya muda mrefu wala tatizo la vali (milango ya moyo), daktari anaanza kufikiria ugonjwa wa misuli yenyewe. 23 si ya kubahatisha.

Na si adimu kama watu wanavyodhani. Makadirio yanayotumika duniani ni mtu 1 kati ya 500. Wengi hawajui, wanazeeka nao.

Swali la mama: jeni yenye hitilafu unaweza kuwa nayo na moyo usionyeshe chochote, au uonyeshe ukiwa na miaka 60. Ndugu wawili wenye hitilafu ileile, mmoja anazimia akiwa na 20, mwingine anacheza na wajukuu. Mama yako amebeba, hajaugua. Au ameugua kidogo na hajui, maana hakuna aliyempima.

#5 Mzee wa Kamanga
Mwadila bhabehi. Mwanangu wa Igombe, pole kwa msiba na kwa huu mzigo. Mimi nimesikia vifo kama hivi tangu nikiwa kijana, na siku hizo kulikuwa na majibu mawili tu: mtu kaliwa na wachawi, au mizimu imekasirika. Sikucheki wazee wako. Wanaona kijana mzima anaanguka kama mti, na hakuna aliyewaambia kitu kingine. Jumamosi nenda kikaoni, kaa, sikiliza. Ng'ombe toa ukiwa na uwezo. Ila mdogo wako asiache dawa kwa ajili ya ng'ombe.

#6 Kichwa Maji
Shikamoo Mzee wa Kamanga.

Mwaka wa tatu baiolojia hapa, nishushe kidogo. Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba moja ya mama. Ugonjwa wa moyo kunenepa mara nyingi unahitaji nakala MOJA tu mbovu. Kwa hiyo mzazi mwenye nayo, kila mtoto anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu. Ni kama kurusha sarafu, na sarafu haikumbuki ilivyoangukia kwa mtoto wa kwanza.

Jeni mbili ndizo zinazoongoza. MYH7 iko kromosomu ya 14 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni), inatengeneza mayosini, ile protini inayovuta ndani ya msuli, niseme ndiyo mkono unaovuta kamba. MYBPC3 iko kromosomu ya 11, inatengeneza protini inayoidhibiti hiyo mayosini isivute hovyo. Zote ni protini za kwenye mashine yenyewe ya kukaza msuli. Ugunduzi wa kwanza ulikuwa 1990, watafiti wa Boston wakifuatilia ukoo mmoja mkubwa wa Quebec, Kanada. Herufi moja tu ya DNA ilikuwa imebadilika kwenye MYH7. Moja!

#7 Dagaa Mchele
Kichwa Maji, hapo kwenye nakala moja nimekwama. Mwanangu ana selimundu, na kliniki tulifundishwa kwamba lazima baba NA mama wote wawe wamebeba. Mimi na mume wangu wote wabebaji, tukapata mmoja mgonjwa kati ya watatu. Sasa hii ya nakala moja imetoka wapi?

#8 Kichwa Maji
@Dagaa Mchele mama, kote ni kweli. Selimundu: nakala moja nzima inatosha kukuokoa, ndiyo maana wabebaji huku Kanda ya Ziwa ni wengi na wanatembea wazima. Kwenye misuli ya moyo nakala nzima mara nyingi haiokoi, kwa sababu protini mbovu inaingia kwenye kamba moja na nzima na kuharibu mvuto wa wote. Chukua watu kumi wanavuta nyavu, mmoja anavuta kabla ya wimbo. Tisa wazima hawakusaidii.

#9 Fundi Nyavu
Huo mfano nimeuelewa kuliko shule yote niliyosoma 😂

#10 Jiwe la Bismarck
Mfano mzuri, ila Kichwa Maji umeficha kitu. Mara nyingi hitilafu za MYBPC3 hazitoi protini mbovu. Zinafanya protini itoke pungufu, nakala moja haizalishi kitu. Kwa hiyo si mvutaji anayevuta kabla ya wimbo, ni mvutaji ambaye hakuja kazini. Matokeo yanafanana, njia ni tofauti.

Na Nesi, 1 kati ya 500 imetokana na kupima watu wa Marekani. Kutuwekea sisi wa Mwanza namba hiyo moja kwa moja mimi nasita.

#11 Sangara Kilo Nane
Huu ndio ule wa yule mchezaji wa Kameruni aliyefia Kombe la Dunia? Na Kanu naye alikuwa nao, ila yeye akapasuliwa.

#12 Jiwe la Bismarck
Sangara, umekosea mara mbili kwenye mistari miwili, hiyo ni rekodi. Marc-Vivien Foé alifariki 26 Juni 2003 kule Lyon, Ufaransa, nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Kolombia. Kombe la Dunia halikuwepo mwaka huo. Alikuwa na miaka 28, na uchunguzi wa mwili ulionyesha moyo ulionenepa, kwa hiyo hapo umepatia. Nwankwo Kanu tatizo lake lilikuwa vali, alifanyiwa upasuaji Marekani 1996 akarudi kucheza. Vali si msuli.

#13 Sangara Kilo Nane
Nimepigwa kadi mbili za njano, natoka uwanjani. Narudi kwenye mkeka.

#14 Mwana wa Igombe
Nashukuru wote. Kuna jambo nilisahau. Daktari alimwambia dogo achuchumae, halafu asimame haraka, huku kile kifaa cha kusikilizia kiko kifuani. Akarudia mara mbili. Sisi tulicheka tukadhani anapima mazoezi. Alikuwa anatafuta nini?

#15 Nesi wa Zamu
Hicho ni kipimo cha watu wa zamani na bado kinafanya kazi. Ukichuchumaa damu inarudi kwa wingi moyoni, chumba kinajaa. Ukisimama ghafla damu inabaki miguuni, chumba kinapungua, na kama ukuta mnene umeziba njia ya kutokea, damu inapita pembamba na mlio unakuwa mkubwa. Mlio wa vali nyingi ukisimama unafifia, huu unapanda. Daktari aliyefanya hivyo anajua anachofanya.

Ndiyo maana pia nasema kwa herufi kubwa: MSIMPE DAWA ZA KUKOJOZA ZA JIRANI. Watu wakisikia "moyo mkubwa" wanaazimana vidonge. Wa kutanuka zinamsaidia, wa kunenepa zinaweza kumwangusha kwa sababu zinapunguza maji mwilini. Asikae na kiu juani, asikimbie ghafla, asivute nyavu mpaka daktari aseme. Na mwambie daktari wazi kuhusu vile vifo vitatu. Mdogo wako ana mambo mawili yanayowatia madaktari wasiwasi, kuzimia na ndugu wa karibu kufa ghafla. Hapo ndipo huzungumziwa kifaa cha kupachikwa kifuani kinachoushtua moyo ukivuruga mapigo.

#16 Binti Ukerewe
Samahani naingilia, yangu ni ile nyingine, ya kutanuka. Nilijifungua mtoto wa pili, wiki ya tatu miguu ikavimba, nikawa siwezi kulala chali. Miezi miwili nililala nimekaa kwenye kiti cha plastiki, kichwa juu ya meza, kanga nimeikunja ndiyo mto. Zahanati nilitibiwa malaria, kisha nimonia, kisha nikaambiwa ni mawazo ya uzazi. Siku nimepimwa eko moyo ulikuwa unasukuma asilimia 25, wakati wa kawaida ni zaidi ya 50. Namshukuru Mungu umerudi, leo niko 48.

Swali langu: mama mdogo wangu alikufa mwezi mmoja baada ya kujifungua, 1994. Wakasema kitanda cha uzazi. Sasa nawaza, na hii ya kwangu inarithiwa?

#17 Jiwe la Bismarck
Pole Binti, na hongera kwa 48. Utafiti mkubwa uliotoka 2016 uliwachunguza akina mama wa aina yako, na karibu asilimia 15 walikutwa na hitilafu zilezile za watu wenye moyo wa kutanuka wa kurithi, nyingi kwenye jeni ya titini. Titini ni protini kubwa kuliko zote mwilini, ni kama springi inayorudisha msuli. Jeni hiyohiyo hutajwa pia kwa walevi wanaopata moyo wa kutanuka. Kwa hiyo Fundi Nyavu na gongo yako hujakosea sana: mtu anakuja duniani na springi dhaifu, pombe au mimba inamalizia.

Lakini asilimia 15 maana yake 85 hawakukutwa nayo. Mama yako mdogo sitaki kumsemea.

#18 Fundi Nyavu
Naomba hiyo "hujakosea sana" ibandikwe juu ya uzi.

#19 Binti Ukerewe
Asante. Nina binti mmoja, ndiyo kinachoniuma.

#20 Pasua Mawe
Mnazunguka na majeni wakati jibu liko kwenye sahani. Wazee wa Uganda waliwahi kuwa na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya muhogo. Ziwa ni moja, udaga (muhogo wa kuvundika) ni mmoja.

#21 Jiwe la Bismarck
Hapo kuna kitu cha kweli kimepindishwa. Kampala, hospitali ya Mulago, mwaka 1948 daktari J.N.P. Davies alieleza ugonjwa ambao utando wa ndani wa moyo unakuwa na kovu gumu. Chanzo chake kimebishaniwa mpaka leo: minyoo, aina fulani ya chembe nyeupe za damu, madini ya udongoni, na ndiyo, muhogo pamoja na uhaba wa protini. Lakini hilo ni kovu la ndani, si ukuta kunenepa, na eko inatofautisha. Isitoshe, kama udaga peke yake unaua hivyo, Ukerewe wangebaki mbuzi.

#22 Binti Ukerewe
Tumebaki, na mbuzi tunao pia 😄

#23 Kichwa Maji
Narudi kwenye swali la mleta uzi, "mbona wanaume tu". Nimewaza usiku kucha. Kromosomu 14 na 11 hazina jinsia, wanawake wangeugua vilevile. Lakini kuna magonjwa yanayonenepesha moyo ambayo jeni yake iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, moja inamlinda kwa kiasi. Mwanaume ana moja, ikiwa mbovu imekula kwake. Mama mzima, kaka yake kafa, watoto wake wa kiume wanaugua. Wakuu, huo si mchoro wa X kabisa?

#24 Nesi wa Zamu
Umewaza vizuri. Yako mawili yanayojulikana. Moja huitwa Danon, huwapata vijana wadogo sana, mara nyingi na misuli ya mwili kulegea, na wanawake nao huugua, huchelewa tu. Mama wa miaka 68 anayebeba ndoo, hiyo naiweka mbali. Lingine ni Fabry, hapo mafuta fulani yanajikusanya kwenye seli kwa sababu kimeng'enya kimoja, protini ya kuyavunja, hakipo. Linagusa moyo, figo, na tangu utotoni mtu analalamika mikono na miguu kuwaka moto, tena hatoki jasho vizuri. Hilo lina dawa yake ya kurudisha kimeng'enya, ila bei usiulize.

#25 Jiwe la Bismarck
Jengo zuri, ila msingi haupo. Rudini posti ya kwanza. Aliyekufa 2011 ni MTOTO WA KIUME WA MJOMBA. Baba anampa mtoto wa kiume Y, hampi X. Mjomba hawezi kumrithisha mwanawe wa kiume ugonjwa wa X hata akitaka. Kesi imefungwa, tunarudi kromosomu 14 na 11. Na "wanaume tu" ni kwa sababu wanaume ndio wanaosukuma boti na kucheza mpira. Wanawake wa ukoo huo amewapima nani?

#26 Sangara Kilo Nane
Bao! Kichwa Maji kalala chini, mpira wavuni.

#27 Kichwa Maji
Nimekubali. Nimepitiwa na binamu.

#28 Mwana wa Igombe
Wakuu. Hili naliandika polepole.

Baada ya kusoma ya Jiwe nilikwenda kwa mama jikoni. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Nikamuuliza kirahisi tu, nikamwambia mayu, daktari anataka kujua marehemu binamu alifanana na nani. Mkono ukasimama kwenye ungo. Akanyamaza mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, "Yule mtoto alikuja na mama yake. Mjomba wako alimpenda kuliko waliozaliwa hapo. Usikae unayasema."

Akaendelea kuchambua.

Sasa sijui nimefanya vizuri au vibaya kuyaandika hapa.

#29 Sangara Kilo Nane
Daah.

#30 Mzee wa Kamanga
Mwanangu, hapa hakuna anayekujua kwa sura, hujamvunjia mtu heshima. Ila ukoo ni ukoo. Aliyelelewa ni mtoto wa nyumba, na alizikwa na jina la nyumba. Mambo ya herufi yabaki kwa daktari.

#31 Jiwe la Bismarck
Nakubaliana na Mzee. Na naifungua tena kesi niliyoifunga, kwa aibu kidogo. Binamu akitoka, X inarudi mezani. Lakini angalieni, akitoka binamu linazuka swali jingine: yeye alikufa kwa nini? Hana damu ya ukoo. Basi angalau kifo kimoja kati ya vitatu kina sababu nyingine kabisa. Inaweza kuwa moyo wake mwenyewe, hitilafu ya umeme wa moyo, au joto. Kikundi cha vifo vitatu kimekuwa vifo viwili na mgonjwa mmoja.

#32 Pasua Mawe
Au mkono wa mtu ulifuata nyumba, haukufuata damu. Jini halipimi DNA.

#33 Fundi Nyavu
Hii nayo siwezi kuijibu 😅

#34 Nesi wa Zamu
Mwana wa Igombe, bila presha: marehemu kaka yako au huyu mdogo, utotoni walilalamika viganja au nyayo kuwaka moto?

#35 Mwana wa Igombe
Marehemu ndiyo. Alikuwa anaingiza miguu ziwani jioni, anasema inawaka. Dogo hapana, dogo anatoka jasho kama bomba.

#36 Fundi Nyavu
Mkuu, nusu ya wavuvi wa Kirumba miguu inawaka. Maji, viatu vya plastiki, pombe, sukari. Msianze kumzika mtu na ugonjwa mpya.

#37 Nesi wa Zamu
Fundi yuko sahihi, dalili hiyo ina mlango mpana. Nimeuliza tu kwa sababu kipimo cha Fabry kwa mwanaume ni damu, wanapima kimeng'enya, hakihitaji kusoma jeni zote. Kamwambie daktari, yeye ataamua.

#38 Kiti cha Nyuma
Na hicho kipimo cha jeni chenyewe kinapatikana wapi? Shangazi yangu aliambiwa sampuli inasafirishwa nje ya nchi, tukasubiri miezi minne, jibu likarudi "mabadiliko yasiyojulikana maana yake". Hela imekwenda, jibu halipo.

#39 Jiwe la Bismarck
Hilo la "maana haijulikani" ni kidonda chetu Waafrika. Hifadhi za jeni za kulinganishia zilijazwa zaidi na watu wa Ulaya na Marekani. Kwetu tofauti za DNA ni nyingi kuliko kwao, kwa hiyo maabara ikiona herufi mpya haijui ni ugonjwa au ni Msukuma tu.

Si kwamba Afrika haijachangia. Marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town na wenzake walionyesha 2017, kwa ukoo mmoja wa Afrika Kusini, kwamba jeni iitwayo CDH2 inaweza kusababisha aina nyingine ya ugonjwa wa misuli ya moyo, ile ambayo seli zinaachana na nafasi inajaa mafuta na kovu. Walifuatilia ukoo huo miaka na miaka. Na India kuna hitilafu ya MYBPC3, herufi 25 zimekatika, wanayo kama asilimia 4 ya watu. Mamilioni. Wengi wao wazima mpaka uzeeni. Huku ziwani nani amehesabu?

#40 Kichwa Maji
Kuongezea kwa Kiti cha Nyuma: hata pale maabara ziko mlangoni, wagonjwa wengi wa moyo kunenepa hawakutwi na jeni yoyote. Kipimo kikirudi bila kitu hakimaanishi harithishi. Na utaratibu ni kuanza na mgonjwa, si wazima. Dogo apimwe kwanza, jeni ikipatikana ndiyo ndugu mtafutwe hiyohiyo moja. Isipopatikana, ndugu mnarudi kwenye eko kila baada ya miaka michache.

#41 Dagaa Mchele
Na kama mtu hataki kujua? Mimi kama ningejua mapema ya selimundu sijui ningezaa wangapi. Nauliza tu.

#42 Binti Ukerewe
Dada, mimi nimelala kwenye kiti miezi miwili bila kujua. Nachagua kujua.

#43 Mzee wa Kamanga
Kila mmoja na kifua chake.

#44 Mwana wa Igombe
Habari wakuu, narudi na taarifa. Kikao kilikaa Jumamosi. Nilisimama nikaeleza, nikatumia ule mfano wa nyavu na wimbo. Baba mkubwa akauliza, "Na huyo wa kuvuta kabla ya wimbo, nani alimtuma?" Watu wakacheka, nami sikuwa na jibu. Ng'ombe kachinjwa. Lakini walikubali pia kuchanga nauli, na watu sita tumepimwa eko jana. Chumba kile ni giza na baridi, unalala kwa ubavu wa kushoto, wanakupaka ute wa baridi, na unausikia moyo wako kwenye mashine kama mtu anatembea kwenye tope. Mama amekataa. Kasema, "Mimi nipimwe nini, mimi ndiye ninayezika."

Watano wako salama kwa sasa. Mimi ukuta wangu ni milimita 14.

#45 Fundi Nyavu
14 si kitu mkuu! Wewe unavuta nyavu tangu una miaka kumi na tano. Mkono wako mnene, moyo uwe mwembamba kwa nini?

#46 Nesi wa Zamu
Mwana wa Igombe, pole. Sitakutisha wala sitakudanganya. Kwa mtu asiye na historia, 14 ni eneo la kijivu. Kwa mwenye ndugu wa tumbo moja mgonjwa, madaktari huanza kushuku kuanzia 13.

#47 Jiwe la Bismarck
Fundi naye ana hoja halali. Moyo wa mtu wa kazi nzito unaweza kunenepa, ila kwa kawaida na chumba chake kinakuwa kikubwa. Muulize daktari upana wa chumba. Na njia moja ya kutofautisha ni kupumzika: unaacha kazi nzito kama miezi mitatu, unapima tena. Wa mazoezi unapungua, wa kurithi haupungui.

#48 Mwana wa Igombe
Daktari kasema hivyohivyo, miezi mitatu bila kuvuta wala kusukuma boti. Chumba alisema "cha kawaida", sasa sijui kawaida ni upande wa nani.

Giza linaanza kesho kutwa. Boti ni yangu, dogo hawezi, kaka hayupo.

#49 Sangara Kilo Nane
Mkuu mimi nipo Kayenze, napajua Igombe vizuri. Utani pembeni, karabai zako ni za betri au bado za mafuta?

#50 Mwana wa Igombe
Za betri, sita. Njoo inbox.

#51 Mzee wa Kamanga
Nina kijana wa dada yangu pia, mikono yake mizuri. Ila huyo umpe supu kabla ya kuingia majini, Fundi Nyavu asije kuniandika.